Nimeamka usiku wa manane ili niambiwe kwamba yeye ndiye aliyechoka

Ndugu zangu, naandika kabla hakujapambazuka kwa sababu usingizi umekataa kurudi na mikono bado inanitetemeka kwa hasira. Mnamjua. Kila aliyewahi kufanya kazi na ofisi ya ng'ambo anaye wa kwake, yule mpanga vikao anayeamini kwamba jua ni moja na linachomoza California.

Majira haya Dar es Salaam iko mbele ya San Francisco kwa saa 11. Wao wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, kwetu ni saa mbili usiku na chakula kiko mezani. Wakifunga saa kumi na moja jioni, kwetu ni saa kumi alfajiri. Hakuna hata dakika moja ambayo sote tuko kazini. Hilo si kosa la mtu. Kosa ni kwamba usiku unaochinjwa ni wetu tu, mwaka mzima sasa, ilhali yeye angeamka saa kumi na mbili asubuhi mara moja kwa wiki, sisi tungekutana naye saa kumi na moja jioni tukiwa na akili zetu timamu.

Usiku wa kuamkia leo niliamka saa nane na nusu, nikaoga maji ya baridi, nikavaa shati la kola juu ya msuli, nikahamia jikoni nisimwamshe mtoto, nikaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Saa tisa kamili nikaingia kikaoni. Nilijitazama peke yangu kwenye skrini kwa dakika 22, ndipo ujumbe ukaingia: leo nimechoka, siku imekuwa ndefu, tukutane kesho saa hii hii.

Amechoka! Kwake ni saa kumi jioni, jua linawaka, na anamwambia amechoka mtu aliyeketi juu ya ndoo usiku wa manane! Machi iliyopita walisogeza saa zao mbele kwa saa moja hadi Novemba, jambo ambalo sisi hatulifanyi, kikao kikahamia saa nane usiku bila taarifa, nikahesabiwa mtoro, lile nililimeza. Hili la kuchoka limenikwama kooni.

Popo wa Ilala: Pole mkuu, lakini mshahara wa dola uliupokea ukiwa macho.

Mwanzisha uzi: Niliupokea kwa kufanya kazi, si kwa kuamshwa niambiwe kwamba mtu amechoka.

Mja wa Muscat: Afadhali yako. Huku tunapumzika Ijumaa na Jumamosi, makao makuu yetu yako London, na kikao kikubwa hukiweka Ijumaa ninapojiandaa kwenda msikitini. Jumapili nikiingia ofisini hakuna wa kunijibu.

Mwana Lubumbashi: Ninyi mmetenganishwa na bahari. Sisi tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja ndani ya nchi moja, na mwaliko usipotaja ni saa ya wapi, tunakaa kuwasubiri saa nzima.

Dada wa Nairobi: Mimi nilimwambia mgeni wetu aje saa tatu asubuhi, naye, kwa kuwa alijifunza Kiswahili wiki moja tu, alishika neno tatu peke yake akafika alasiri saa tisa.

Popo wa Ilala: Dada, kikao kilifanyika?

Dada wa Nairobi: Kilifanyika, na chai tuliipasha moto mara ya pili.