Museumkaart, City Card au tiketi moja moja: ipi inaokoa hela Uholanzi?

Mkazi_wa_Leiden

Wakuu, swali la kadi ya makumbusho linarudi kila majira ya joto yakikaribia, na jibu la kawaida ni "nunua tu, inalipa." Wapo inaowalipa na wapo inaowala. Naanza na hesabu, wenye kujua zaidi waongeze.

Bei ninazotumia ni za 2024. Bei hupanda, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya makumbusho husika kabla ya kutoa hela. Museumkaart ni euro 75 kwa mtu mzima na 39 kwa vijana hadi miaka 18. Unaingia nayo makumbusho takriban 500 nchi nzima, toka Groningen hadi Maastricht, kwa mwaka mzima, na unaruhusiwa kurudi palepale hata mara kumi. Ukinunua tiketi moja moja, Rijksmuseum ni 22.50, Van Gogh Museum 22, Stedelijk 22.50. Hayo matatu, makumbusho ya sanaa yaliyozunguka uwanja wa Museumplein Amsterdam, jumla 67. Bado hujafika 75. Ongeza la nne, Mauritshuis ya Den Haag kwa mfano, na kadi imeshajilipa. Kipimo changu ni hicho: manne makubwa kwa mwaka, nunua kadi, mawili, chukua tiketi moja moja.

I amsterdam City Card, kadi ya mji wa Amsterdam kwa wageni, ni euro 60 kwa saa 24, 85 kwa saa 48, 100 kwa saa 72. Ndani yake kuna makumbusho mengi ya mji, tramu, basi na metro za GVB (kampuni ya usafiri wa mjini), pamoja na safari moja ya boti kwenye mifereji. Ila Van Gogh Museum haimo, na Nyumba ya Anne Frank haimo. Wengi wanagundua hilo wakiwa wameshalipa.

binti_wa_Utrecht

Hesabu nzuri, mkuu, lakini umeruka jambo linalowaumiza wageni. Kadi unayopewa kaunta siyo ya mwaka. Ni kadi ya muda: siku 31, na mwisho makumbusho matano. Bei ni ileile ya mwaka mzima. Ili upate ya kudumu unaisajili mtandaoni kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, picha na anwani ya Uholanzi, kisha inatumwa kwa posta. Bila anwani ya hapa, unabaki na yale matano.

Kwa hiyo ndugu anayekuja kutembea wiki mbili asiambiwe ananunua mwaka. Aambiwe ananunua milango mitano kwa euro 75, yaani 15 kila mlango. Akiitumia kwenye makubwa yenye tiketi ya 20 na kuendelea, anaokoa. Akiitumia kwenye vimakumbusho vya euro 8, amepoteza, na vile vidogo afadhali avilipe taslimu.

Mwenye makazi hapa, mwanafunzi wa Wageningen au Delft kwa mfano, asajili siku ileile aliyonunua. Kinachowakwamisha watu ni kusubiri: siku 31 zinapita, ya kudumu haijafika, na mlangoni kadi inakataa. Picha ikiwa na giza au uso umekatwa nayo inachelewesha.

Kaka_Mipango

Niongeze kuhusu nafasi, maana kadi inalipa kiingilio tu, haikupi nafasi ya kuingia. Van Gogh Museum haina tiketi za mlangoni. Unaingia tovuti yao, unachagua siku na saa, halafu kwenye aina ya tiketi unachagua Museumkaart. Hapo bei inasoma sifuri. Ukichagua "mtu mzima" kwa haraka ukalipa 22, usitegemee kurudishiwa kwa sababu una kadi nyumbani. Utaonyesha vyote viwili mlangoni: nafasi kwenye simu, na kadi yenyewe.

Nyumba ya Anne Frank ndiyo ngumu kuliko zote. Tiketi zinatolewa kila Jumanne saa 4 asubuhi kwa saa za Uholanzi, kwa ajili ya wiki sita mbele, kwenye tovuti yao peke yake. Mtu mzima ni euro 16. Mwenye Museumkaart analipa euro 1 ya kuweka nafasi. Kwa tarehe za likizo zinaisha upesi mno, kwa hiyo uwe kwenye skrini kabla ya saa kufika. Anayeanza kutafuta baada ya kutua Schiphol kwa kawaida hukosa, awe na kadi au asiwe nayo.

Halafu kuna nyongeza. Baadhi ya makumbusho yanadai euro kadhaa za ziada kwa maonyesho maalumu. Kwa Kiholanzi imeandikwa *toeslag*. Kaunta waweza kuomba mkusanyiko wa kudumu pekee, na huongezi kitu.

mama_wa_watatu

Jamani, kabla hamjawanunulia watoto kadi za 39, someni hapa. Rijksmuseum ni bure hadi miaka 18. Van Gogh Museum, Stedelijk na Mauritshuis, walio chini ya 18 ni bure vilevile. Familia inayopenda picha za kuchora haina haja ya kadi hata moja ya mtoto.

Mambo yanageuka kwenye makumbusho ambayo watoto wenyewe wanayapenda. NEMO, makumbusho ya sayansi ya Amsterdam, inatoza 17.50 kuanzia miaka minne, na mtoto analipa sawa na mkubwa. Spoorwegmuseum ya reli kule Utrecht nayo inatoza toka miaka minne. Weka Naturalis ya Leiden, yenye mifupa ya Trix, yule dinosaria wa aina ya T. rex, weka na makumbusho ya nje, yasiyo ndani ya jengo, ya Arnhem na Enkhuizen. Mtoto akienda NEMO mara tatu tu kwa mwaka, 52.50, kadi yake imeshalipa. Tena siku za mvua za Novemba kadi hiyo ni msaada mkubwa: unaweza kwenda saa moja na nusu ukarudi nyumbani, bila kuburuta watoto waliochoka ili "hela isipotee."

Kila mtu na kadi yake lakini. Ina picha, haiazimwi, hata kwa mapacha.

Mkazi_wa_Leiden

Asante dada, hilo la kwenda kwa muda mfupi ndilo faida kubwa ambayo jedwali la bei halionyeshi. Rijksmuseum iko wazi kila siku saa 3 asubuhi hadi 11 jioni. Mwenye kadi anaweza kuangalia ghorofa moja leo na nyingine mwezi ujao, akiwa na macho mapya.

Binti, kwa mgeni wa siku mbili Amsterdam peke yake, ungemshauri City Card?

binti_wa_Utrecht

Iwapo tu anapanda tramu sana na anataka boti. Saa 48 ni 85. Achukue Rijksmuseum na Stedelijk, 45 hizo. Zilizobaki 40 lazima zitoke kwenye usafiri, boti na makumbusho mengine mawili. Inawezekana, ila ni siku mbili za kukimbia. Na treni haimo kabisa: GVB siyo NS, shirika la reli la taifa, kwa hiyo treni ya kutoka Schiphol unalipa mwenyewe. Anayetaka kumwona Van Gogh, City Card siyo yake.

Reli_na_Baiskeli

Naona mmesahau nauli. Ukikaa Wageningen, kwenda Den Haag na kurudi kwa treni kunaweza kuzidi kiingilio chenyewe. Usajili wa NS wa Dal Voordeel unapunguza asilimia 40 nje ya saa za msongamano na wikendi nzima. Msongamano ni Jumatatu hadi Ijumaa, 12:30 hadi 3 asubuhi, na 10 jioni hadi 12:30. Panda baada ya saa 3, makumbusho mengi yanafungua saa 4, hupotezi kitu. Epuka Jumatatu: makumbusho ya Teylers na Frans Hals kule Haarlem, Groninger, Bonnefanten, Kröller-Müller, yote yamefunga.

Kröller-Müller ina mtego wake. Iko ndani ya hifadhi ya De Hoge Veluwe, na Museumkaart inafungua makumbusho tu. Kiingilio cha hifadhi unalipa kando, zaidi ya euro 10. Pamoja na hayo ni pazuri mno, na baiskeli nyeupe za hifadhini ni bure.

Kaka_Mipango

La mwisho kwa wenye kipato kidogo mliojiandikisha manispaa: ulizeni kadi ya mji kabla ya Museumkaart. Amsterdam ni Stadspas, Den Haag Ooievaarspas, Utrecht U-pas. Zina makumbusho, na pia kuogelea na michezo ya watoto. Rotterdam wana Rotterdampas, ambayo mkazi yeyote ananunua, na wenye kipato kidogo wanalipa pungufu sana. Hiyo inakwenda Machi mosi hadi mwisho wa Februari, siyo tangu siku uliyonunua, kwa hiyo anayeinunua Desemba anapata miezi mitatu tu. Na kwenye vivutio kama Heineken Experience, Madame Tussauds na Moco, Museumkaart haiingii; msipange foleni nayo.