Vijana wa kanisa na wa madrasa kusoma maandiko pamoja: tuanzie wapi bila kuangukia kwenye mihadhara?

Mwalimu wa Vijana, Tanga

Assalaam alaikum, Bwana asifiwe, na salamu kwa wote wasio wa pande hizo mbili. Nawafundisha vijana wa usharika wetu hapa Tanga, na jirani yetu ni madrasa ambayo ustadhi wake ninamheshimu sana. Vijana wetu wanakaa dawati moja shuleni, wanacheza mpira kiwanja kimoja, na kwenye misiba ya mtaa wanabeba jeneza pamoja. Lakini kipindi cha dini kikifika wanagawanyika, kila kundi na chumba chake, na ujuzi wa kila mmoja kuhusu imani ya mwenzake unaishia hapo. Mengine wanayakisia, au wanayaokota kwenye video za simu. Tumekwisha kuona ujinga wa namna hiyo unavyoweza kuwafikisha watu: Oktoba 2012 kule Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili juu ya Msahafu uliishia kwa makanisa kuvamiwa na kuchomwa moto.

Mimi na ustadhi tumekubaliana kuwakutanisha vijana wa kidato cha tatu na cha nne ili wasome pamoja. Hofu yetu ni kwamba, kwa watu wa rika letu, Mkristo na Mwislamu wakikaa na vitabu vyao hadharani, kila mtu anatarajia mihadhara ya mlingano wa dini kama ile iliyoenea tangu miaka ya 1980, ambapo msemaji hukifungua kitabu cha mwenzake ili kumshinda, na upande wa pili nao hujibu kwa vipaza sauti vikubwa zaidi. Naomba msaada wa wale waliowahi kuifanya kazi hii. Mlianza na somo gani, na mliwajibu nini wazee wanaosema kwamba huku ni kuchanganya dini?

Ustadhi wa Kibokoni, Mombasa

Wa alaikumu salaam, mwalimu. Anzeni na Nabii Yusuf. Kisa chake kimo katika Biblia, Mwanzo sura ya 37 hadi ya 50, na katika Qurani kina sura yake nzima, ya 12, yenye aya 111. Wala hakigusi moja kwa moja yale tunayobishania kila siku. Msikisome chote kwa pamoja. Fuateni kanzu yake tu.

Katika Mwanzo 37 ndugu zake wanaichovya kanzu katika damu ya mbuzi, Yakobo anaitambua, na anaamini kwamba mnyama mkali amemla mwanawe. Katika Qurani baba analetewa kanzu yenye damu ya uongo vilevile, ila yeye hawaamini. Anawaambia kwamba nafsi zao ndizo zilizowashawishi, kisha anashikilia subira njema. Nendeni Mwanzo 39: Yusufu anakimbia, vazi linabaki mkononi mwa mke wa bwana wake, Potifa, na vazi hilohilo ndilo linalotumiwa kumtia gerezani. Katika Qurani kanzu inachanwa kwa nyuma, na huko kuchanika kwa nyuma kunakuwa ushahidi kwamba yeye ndiye aliyekuwa akikimbia. Karibu na mwisho wa sura, kanzu ya Yusuf inawekwa usoni pa baba yake naye anarudishiwa kuona, habari ambayo haimo katika Mwanzo.

Mkifika hapo vijana huanza kuulizana wenyewe. Katika darasa letu msichana wa Kikristo aliuliza kwa nini baba ambaye hakuuamini uongo hakutoka kwenda kumtafuta mtoto, na mvulana wa Kiislamu akauliza Yakobo, aliyeamini kwamba mwanawe ameliwa, aliishi na nini miaka yote ile. Hayo hayakuwa maswali ya kumnasa mtu. Yalikuwa maswali ya watu waliokwisha kukijali kitabu cha wenzao kiasi cha kutaka kukielewa.

Njia hii haikuanzia kwetu. Miaka ya 1990 wanazuoni wa Kiyahudi na wa Kikristo, miongoni mwao Peter Ochs, David Ford na Daniel Hardy, walianza kukaa na vifungu vifupi vya maandiko yao na kuvisoma pamoja, kisha Waislamu wakajiunga nao. Sisi tunashika kanuni zao kwa ufupi: kila mmoja hueleza kitabu chake na kuuliza juu ya kitabu cha mwenzake, na hakuna anayelazimika kukubaliana na mwenzake. Nimeongeza moja ya kwangu, kwamba hakuna kurekodi. Simu ikiwashwa, msemaji huacha kuzungumza na aliye mbele yake, akaanza kuwahutubia wasiokuwepo.

Jambo la tafsiri nalo mlipange mapema. Mmisionari Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili hapa Mombasa mwaka 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji, na naona fahari kila ninapolikumbuka hilo. Lakini tafsiri ya Qurani aliyoichapisha padri Godfrey Dale mwaka 1923 iliandaliwa kwa mahitaji ya wamisionari, na masheikh hawakuikubali. Sheikh Abdullah Saleh Farsy aliyajibu makosa aliyoyaona humo katika tafsiri yake mwenyewe ya mwaka 1969. Kwa hiyo Qurani isomwe katika tafsiri wanayoikubali Waislamu, na Biblia katika ile inayosomwa kanisani kwenu.

Mzee wa Kanisa, Iringa

Mwalimu, mimi ni mmoja wa wazee hao unaowataja, basi niruhusu niwasemee. Hofu yetu haitokani na chuki. Kijana ambaye hawezi hata kuieleza Imani ya Mitume, ukimketisha mbele ya mwenzake aliyehifadhi juzuu kadhaa, hatajifunza kitu; atafedheheka, kisha ataichukia imani yake au ya mwenzake.

Pili, dini zetu zote mbili zinaita watu. Sisi tuna agizo la kuhubiri, wenzetu wana daawa, na kikao kinachojifanya kwamba hakuna anayetamani mwingine aongoke kimeanza kwa uongo ambao vijana wataubaini upesi. Sipingi, ila naweka masharti: wafundishwe kwanza cha kwao, wazazi waarifiwe kwa maandishi na waridhie, na mtu yeyote asikitumie kikao hicho kubatiza wala kusilimisha. Anayetaka kuita watu ana mimbari yake.

Katekista wa Songea

Shikamoo mzee. Masharti yako nayaunga mkono yote, hasa hilo la wazazi. Hata hivyo, wanaosema kwamba huku ni kuchanganya dini waonyeshwe namna viongozi wa dini wenyewe walivyolitamka jambo hili bila kuachia imani yao.

Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulitoa tamko liitwalo Nostra Aetate, kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Linasema kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja, na linawahimiza watu wa pande zote mbili wayasahau ya kale na wajitahidi kwa moyo kuelewana. Sehemu hiyohiyo inaeleza waziwazi kwamba Waislamu hawamkiri Yesu kuwa Mungu, ingawa wanamheshimu kama nabii. Mimi nalithamini tamko hilo kwa sababu hiyo hasa: heshima imeandikwa pamoja na tofauti, na hakuna kilichofichwa ili kingine kionekane kizuri.

Kwa upande wa Waislamu, hotuba ya Papa Benedikto wa 16 kule Regensburg, Ujerumani, Septemba 2006, ambamo alinukuu maneno makali ya kale dhidi ya Uislamu, ilizua hasira katika nchi nyingi. Oktoba 2007 wanazuoni na viongozi 138 wa Kiislamu walimwandikia yeye na wakuu wengine wa makanisa waraka wa wazi, wakishika wito wa aya ya 64 ya sura ya Aal Imran wa kukutana kwenye neno lililo sawa baina yetu, na wakajenga hoja yao juu ya kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Walikuwa na sababu ya kukasirika, nao wakachagua kuandika. Ningewasomea wazee wa pande zote mbili waraka huo kabla kijana yeyote hajafungua kitabu.

Mjukuu wa Kaya, Kilifi

Naomba nichomeke jambo fupi. Mpango huu unawafaa wenye vitabu. Kwetu pwani ya Kenya kuna wazee wa kaya, yaani makazi matakatifu ya kale ya Wamijikenda yaliyomo msituni, ambao imani yao haimo katika maandishi, na misitu yao mitakatifu iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wakristo na Waislamu wengi wa hapa ni wajukuu wa wazee hao, na bado wako wanaowaita wachawi. Wapo wazee waliouawa kwa tuhuma hizo. Kujifunza kwao kuna njia yake: unaomba ruhusa, unafuata masharti ya mahali, na unamuuliza mzee kwa nini mti fulani haukatwi. Huko Tanga mna Wahindu pia. Mkishamaliza na Yusuf, watembeleeni.

Mwalimu wa Vijana, Tanga

Nawashukuru sana, na ushauri wa Kilifi nimeupokea. Limebaki swali moja ambalo vijana wataliuliza, tupende tusipende: msalaba. Sura ya An-Nisaa aya ya 157 inakanusha kwamba Isa alisulubiwa, na kwetu pasipo msalaba hakuna Ijumaa Kuu wala Pasaka. Ustadhi mwenzangu anapendekeza tuliahirishe. Mnaonaje?

Ustadhi wa Kibokoni, Mombasa

Liahirisheni, lakini msilifiche. Waambieni siku ya kwanza kwamba mtalifikia. Siku yake ikifika, kijana wa Kikristo asihangaike kuthibitisha. Aeleze msalaba unampa nini katika sala na katika msiba. Kijana wa Kiislamu naye aeleze aya ile inamfundisha nini juu ya Mungu asiyemwachia mtume wake mikononi mwa maadui. Kisha kila mmoja ayarudie maelezo ya mwenzake kwa maneno yake mwenyewe, mpaka mwenzake akiri kwamba ameeleweka. Asipokiri, aliyeeleza anaanza upya. Kwetu zoezi hilo lilimaliza kipindi kizima, tukaondoka tukiwa bado tunatofautiana, na wazazi hawakuwa na la kulalamikia.

Nawe na ustadhi mwenzako mkae upande mmoja wa meza. Mkikaa kila mmoja na vijana wake, watawachukulia kuwa makocha.