Matukio ya tarehe moja: Shakespeare na Cervantes walifariki siku moja kweli?

Orodha_ya_Leo:
Wakuu, naandaa orodha ya matukio makubwa yaliyotokea tarehe moja. Nimekwama penye 23 Aprili 1616. Wengi wanasema waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania walifariki siku hiyo hiyo, wengine wanasema walipishana siku kumi. Lipi ni sahihi, na tarehe nyingine nitazihakikije?

Mweka_Tarehe:
Walipishana, tena siku 11. Hispania ilihamia kalenda ya Gregori (tunayotumia leo) mwaka 1582, Uingereza ikabaki na ile ya zamani ya Juliasi hadi 1752. Shakespeare alifariki 23 Aprili ya Juliasi, ambayo ni 3 Mei ya Gregori. Cervantes alifariki 22 Aprili ya Gregori. Tarehe 23 ni ya maziko yake. Wanaohesabu kumi wanaanzia kwenye maziko.

Kwa tukio lolote la kabla ya 1930 hivi, anza kuuliza nchi husika ilikuwa inatumia kalenda ipi siku hiyo. Ikiwa ni Juliasi, ongeza siku 10 kwa matukio ya kuanzia 1582 hadi mwisho wa Februari 1700, siku 11 hadi mwisho wa Februari 1800, 12 hadi Februari 1900, kisha 13. Tofauti inakua kwa sababu Juliasi huufanya kila mwaka wa nne kuwa mrefu, na Gregori iliiruka 1700, 1800 na 1900 kwa kuwa haigawanyiki kwa 400. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, 25 Oktoba 1917, huadhimishwa 7 Novemba. Warusi walilala 31 Januari 1918 wakaamkia 14 Februari.

Kosa linalowapata wengi ni kugeuza mara mbili: kitabu kimeshageuza tarehe, nawe unaongeza tena. Tafuta siku ya juma. Ikiwa chanzo kinataja Jumanne na hesabu yako inaleta Ijumaa, kuna mahali kalenda zimechanganywa.

Angalia na mwaka wenyewe. Uingereza na makoloni yake walianza mwaka 25 Machi hadi mageuzi ya 1752, hivyo George Washington aliandikwa amezaliwa 11 Februari 1731, na leo tunasema 22 Februari 1732.

Saa_na_Mahali:
Nyongeza kwa karne ya 20: hapo kalenda si tatizo sana, tatizo ni kanda za saa. Pearl Harbor, Hawaii, ilishambuliwa na Wajapani 7 Desemba 1941. Wajapani walianza kutua Kota Bharu, Malaya, zaidi ya saa moja KABLA ya hapo, lakini tukio hilo limeandikwa 8 Desemba kwa sababu mstari wa tarehe umepita katikati. Ukipanga kwa tarehe tupu, la kwanza linakuwa la pili.

Vivyo hivyo Ujerumani: mapigano yalitakiwa kukoma 8 Mei 1945 saa 5:01 usiku kwa saa za Ulaya ya Kati. Moscow ilikuwa imeshaingia tarehe 9, na ndiyo sikukuu yao hadi leo.

Andika tarehe ya mahali tukio lilipotokea, na utaje mahali hapo.

Mchambuzi_Nov9:
Mimi ningekuomba utenganishe pia sadfa na tarehe zilizofungamana. Chukua 9 Novemba Ujerumani. 1918 utawala wa Kaisari uliporomoka. 1923 jaribio la Hitler la kupindua serikali lilizimwa München. 1938 vigogo wa Nazi walikuwa München wakiadhimisha jaribio hilo hilo la 1923 pale Goebbels, waziri wao wa propaganda, alipochochea mashambulizi dhidi ya Wayahudi usiku ule. Hapo tarehe moja imezaa nyingine. Lakini ukuta wa Berlin kufunguliwa 9 Novemba 1989 kulitokana na Schabowski, kiongozi wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, kuwaambia waandishi wa habari kwamba ruhusa ya kuvuka inaanza mara moja. Hakuna aliyeichagua siku. Ukiyatia yote kapu moja, msomaji ataona mkono usiokuwepo.

Nyingine huchaguliwa waziwazi. Mountbatten, mtawala wa mwisho wa Kiingereza nchini India, aliichagua 15 Agosti 1947 iwe siku ya uhuru wa India kwa kuwa Japani ilitangaza kusalimu amri 15 Agosti 1945. Korea Kusini nayo ikatangaza serikali yake 15 Agosti 1948, siku ya ukombozi wake.

Na sadfa zisikushangaze mno. Watu 23 tu chumbani, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja umeshapita nusu. Darwin na Lincoln, wote 12 Februari 1809, wamo humo.

Orodha_ya_Leo:
Nimewaelewa, asanteni sana. Na matukio yaliyoandikwa kwa Hijria?

Mweka_Tarehe:
Yaache na tarehe yake ya Hijria, kisha weka ya Gregori kando ukiandika "takriban". Siku ya Hijria huanza jua linapozama, kwa hiyo tarehe moja ya Hijria hugusa tarehe mbili za Gregori, na mwandamo ulionekana siku tofauti mahali tofauti. Usiyapange pamoja kwa maadhimisho ya kila mwaka pia: mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi.