Kichwa cha Bier baada ya ganzi ya mgongo: dawa au sindano?

Mwanagenzi_Usingizi: Wakuu, naandaa mada ya historia ya ganzi ya mgongo (dawa ya ganzi inayoingizwa kwenye maji ya uti wa mgongo). August Bier, daktari wa upasuaji wa Kijerumani, mjini Kiel, Agosti 1898, aliumwa kichwa siku 9. Ilikuwa sumu ya kokaini, dawa ya ganzi aliyotumia? Na mbona mama wa upasuaji wa kujifungua bado anaumwa kichwa hata tukitumia sindano nyembamba ya Quincke, geji 25?

Dkt_Mwambao: Kokaini haihusiki, na shahidi ni Bier mwenyewe. Tarehe 24 Agosti alijitoa achomwe na msaidizi wake, Hildebrandt. Bomba halikuenea kwenye sindano, dawa ikamwagika na maji ya uti wa mgongo yakachuruzika. Ganzi haikushika. Wakabadilishana: Hildebrandt akapata 0.5 ml ya kokaini 1%, yaani 5 mg, akagongwa muundi kwa nyundo ya chuma asisikie maumivu. (Usiku naye kichwa kilimpata.) Lakini Bier, aliyekosa ganzi, ndiye aliyelala kitandani: akijilaza kinatulia, akiinuka kinarudi. Hiyo ni dalili ya maji kuvuja.

Ganzi_na_Vipimo: Naongezea upande wa kazi. Quincke ina makali, inakata utando unaozuia maji ya uti wa mgongo. Sindano ya Whitacre, ya 1951, yenye ncha kama ya penseli, inapenya kwa kutanua nyuzi, ndiyo maana uvujaji ni mdogo. Kama stoo ina Quincke tu, geuza mdomo wake (upande uliokatwa mshazari) uelekee ubavuni mwa mgonjwa, usielekee kichwani. Rudisha waya wa ndani ya sindano kabla ya kuichomoa. Na usichome ovyo: kila ukitoboa utando upya umeongeza tundu.

Ncha ya penseli nayo ina mtego wake. Tundu liko ubavuni, nyuma kidogo ya ncha, kwa hiyo maji yanaweza kutoka huku nusu ya tundu ingali nje ya utando. Ukisukuma dawa hapo, ganzi inashika nusunusu. Ukiona maji, sogeza kama milimita 1, uvute kidogo kuhakikisha, ndipo uingize dawa. Geji 27 bila sindano nene ya kuitangulia hupinda tu.

Mwanagenzi_Usingizi: Na kumlaza chali saa 24?

Dkt_Mwambao: Haizuii, mnamtesa bure. Mpe parasetamoli, anywe maji ya kutosha. Kichwa kisipopungua, kuna kiraka cha damu (mbinu ya Dkt. Gormley, 1960): damu ya mgonjwa mwenyewe, kama 20 ml, inachukuliwa kwa usafi kamili na kuingizwa nje ya utando. Akiwa na homa, usiguse. Na kichwa kisichotulia hata akilala, shingo ikikakamaa, au presha ikipanda kwa mzazi, msiseme "ni sindano tu". Tafuteni homa ya uti wa mgongo, kifafa cha mimba, damu kuvia kichwani.