Tuendelee kukata mikoa, au tuzipe kanda nguvu?

Wakuu, kila mkoa mpya unapozaliwa jirani naye anaanza kuomba wake. Mimi naona tumefika mahali pa kusimama, tuzipe nguvu kanda, yaani makundi ya mikoa jirani.

Tulipopata uhuru mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na majimbo yasiyozidi kumi: Kusini, Ziwa, Ziwa Magharibi, Nyanda za Juu Kusini na mengineyo. (Vijana, hilo si jimbo la mbunge.) Miaka michache baadaye ikaja mikoa, na tangu hapo tunakata tu. Lindi ilitoka Mtwara, Manyara ikatoka Arusha mwaka 2002, na mwaka 2012 zikaja Geita, Katavi, Njombe na Simiyu kwa mpigo. Songwe ikafuata mwaka 2016. Leo bara tuna 26, Zanzibar 5.

Katavi ilistahili. Kabla haijatoka Rukwa, kumtoa mtu Mpanda afuate ofisi ya mkoa Sumbawanga, tena kabla ya lami, ilikuwa adhabu. Lakini Songwe, iliyotoka Mbeya? Kutoka Vwawa, makao makuu yake, hadi Mbeya mjini hazifiki kilomita 100, na barabara ni ile ile kuu ya kwenda Zambia. Hata Uwanja wa Ndege wa Songwe wenyewe umebaki Mbeya!

Mkoa mpya unaleta mkuu wa mkoa, katibu tawala, kamanda wa polisi, majengo na magari. Ibara ya 2 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa, na ibara ya 61 inampa kazi ya kumteua mkuu wa mkoa. Mwananchi anamchagua diwani na mbunge. Ngazi ya mkoa hachagui mtu. Basi ofisi ikisogea karibu bila kuwajibika kwake, kilichopungua ni nauli.

Wakati huo huo yale majimbo ya zamani bado tunaishi nayo. Mgonjwa wa Bariadi, mkoani Simiyu, akizidiwa anapelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, na hakuna anayemuuliza mpaka wa mkoa. Mtu akiwa ugenini anasema "natoka Kanda ya Ziwa". Kwa nini kanda isiwe na baraza lililochaguliwa, lipange barabara, maji na hospitali za rufaa?

Najua jibu litakalokuja, maana sera ya majimbo ya chama cha CHADEMA, ya kuzipa kanda mamlaka, ilipingwa hivyo hivyo: kwamba italeta ukabila. Lakini Kanda ya Ziwa ina Wasukuma, Wahaya, Wakurya, Wakerewe, Wajita. Ni mkoa mdogo unaokaribia kuwa wa kabila moja, si kanda. Hofu ya kabila kubwa kuwameza wadogo naikubali, na baraza lolote lingehitaji kinga ya wazi dhidi yake.

Walioko Vwawa, Mpanda na Bariadi: tangu mkoa wenu uzaliwe, ni huduma gani mnapata leo ambayo halmashauri yenu isingeweza kuwapa kama ingepewa fedha zile zile?