Naomba ushauri: nimtafsirieje bibi tamthilia ya Kichina ya barafu?

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Nimekwama kwenye lugha.

Kila usiku mimi na bibi tunaangalia Skate into Love, tamthilia ya China ya mwaka 2020, vipindi 40. Bibi hajui Kiingereza, kwa hiyo nasoma maandishi ya chini na kumweleza. Mapenzi hayanipi shida. Msichana Tang Xue alimwonea mvulana Li Yubing utotoni, sasa wamekutana chuoni na kijana ni nyota wa hoki ya barafu, analipiza taratibu. Hapo bibi anacheka mpaka machozi.

Tatizo ni mbio zenyewe. Tang Xue anashindana mbio za barafuni kwa viatu vyenye vyuma chini, kwenye kinjia kifupi ambacho mzunguko wake ni mita 111.12, wanaanza kwa pamoja, wanabanana kwenye kona, anayetangulia kuvuka mstari ndiye mshindi, labda waamuzi wamtoe kwa kumzuia mwenzake. Halafu wapo wale wa kuruka na kuzunguka kwa muziki, wanaopewa alama. Bibi akauliza, "Hawa mbona hawafukuzani?"

Nilisema "kuteleza", akanijibu kuteleza ni kwa tope, tena bila kupenda! "Kuserereka" kakubali shingo upande, ila neno hilo nalitumia kwa michezo yote miwili, anachanganyikiwa.

Je, nyie mnaitaje kila mmoja kwa Kiswahili chepesi? Na mtu akitolewa baada ya mbio, nisimamishe video nimweleze, au nisubiri kipindi kiishe?