Re: Sindano za paka mwenye sukari: nyekundu zimeisha, Kisumu napata orenji tu

Kutoka: Nyar Kisumo, Mamboleo

Hamjambo wote, na poleni na baridi mlio huko. Mnajua nilirudi nyumbani Septemba baada ya miaka kumi na minne Minnesota, na nikarudi na paka wangu Chifu, huyo huyo mliyenicheka nikihangaika na kibali chake cha kuingia nchini kutoka Kabete. Ana miaka 9, kilo sita, na ana sukari. Daktari wake wa huko alimwanzishia Vetsulin, insulini ya wanyama, yuniti 2 asubuhi na 2 jioni. Nilibeba sindano 100, zile za kifuniko chekundu. Sasa piga hesabu, mbili kwa siku, siku hamsini kwisha.

Nimezunguka makemisti kuanzia Oginga Odinga Street mpaka Kondele na kila mahali ni U-100 za kifuniko cha orenji. Kuna dada mmoja wa kemisti aliniuliza mgonjwa ana miaka mingapi, nikasema tisa, akanihurumia kweli, akasema maskini mtoto, akatoa na kalamu aandike. Nikamwambia ni paka. Akafunga daftari polepole. Agroveti nako nikapewa sirinji ya mililita 10 na sindano ya kudunga ng'ombe, Chifu akiiona hiyo atahama boma.

Basi nikanunua hizo orenji, za mililita 1, juu nilifikiri yuniti ni yuniti. Navuta mpaka 2 kama kawaida. Leo siku ya nne na Chifu anakunywa maji utadhani amevuka jangwa, mchanga wa choo chake umelowa chapachapa, na nikimbeba naona amekuwa mwepesi. Nakosea wapi?

---

Kutoka: Nesi wa Dallas

Dada, shida ni namba, paka hana kosa. Angalia kichupa chako, kimeandikwa U-40, yaani mililita moja ina yuniti 40. Sindano ya orenji ni ya U-100, imechorewa dawa ya watu yenye yuniti 100 kwa mililita. Mistari ya sindano hufuata dawa yake. Kwa hivyo ukivuta Vetsulin mpaka 2 kwa sindano ya orenji umevuta mililita 0.02 tu, ambayo ni yuniti 0.8. Chifu amekuwa akipata chini ya nusu siku zote nne, lazima anywe maji.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha kwa 2.5, yuniti 2 unavuta mpaka 5. Lakini shika hiyo sindano uielekeze kwa dirisha uone kitu. Ya mililita 1 mistari yake inaruka mbili mbili, 2, 4, 6, sasa hiyo 5 unaikisia hewani katikati ya mistari miwili, na kiputo kidogo cha hewa kikiingia hapo umeharibu kila kitu. Uliza ya mililita 0.3 ama 0.5, mstari mmoja ni yuniti moja, na zingine za 0.3 zina hadi nusu. Kifuniko ni orenji vile vile kwa hivyo usinunue kwa rangi, soma ubavu wa sindano.

Kabla ya kupandisha chochote pigia daktari wa mifugo, mwambie amekaa siku nne na dozi ndogo, msikie atasemaje. Na Chifu akikataa chakula ama aanze kutapika usingoje asubuhi, hiyo inaweza kuwa sukari imeshaharibu damu, anahitaji kuonwa saa hiyo hiyo. Mkikubaliana, andika kwa karatasi ubandike kwa friji: kichupa hiki, sindano hii, mpaka mstari huu. Mimi nadunga watu kila siku kazini na bado siamini hesabu ya kichwani saa kumi na mbili asubuhi.

---

Kutoka: Wa Lanet

Nesi amesema vizuri lakini niwaambie hiyo ingine, juu ndio mbaya zaidi. Mimi niko Nakuru, paka wangu anatumia Lantus, insulini ya watu, hiyo ni U-100, yuniti 2. Shemeji alipeleka mgonjwa Chennai akarudi na pakiti ya sindano za kifuniko chekundu, India bado wanauza insulini ya watu ya U-40 kwa hivyo hizo sindano huko ni za kawaida. Nikashukuru sana, nikavuta mpaka 2. Hesabu igeuze sasa: nilimpa yuniti TANO.

Ilikuwa saa tatu usiku. Paka akatoka chini ya kochi anatembea kama mtu ametoka kwa busaa, miguu ya nyuma inaenda kwake, kichwa kinagonga ukuta, akajilaza karibu na jiko macho yamekodoa. Nilichukua asali ya Baringo nikampaka kwa ufizi na kidole, kidogo kidogo, msimmwagie mdomoni atapaliwa, huku daktari ananiongelesha kwa simu. Baada ya muda akainua kichwa akala samaki, lakini tulikesha naye juu ile dawa inaendelea kufanya kazi usiku mzima, na mapema nikampeleka. Sindano za Chennai nilizitupa zote siku hiyo. Dozi ikipungua siku moja utaona maji mengi na mkojo, ikizidi unaweza kumzika, kwa hivyo ukiwa na wasiwasi kama umemdunga ama hujamdunga, usirudie.

---

Kutoka: Omera wa Doha

Samahani jamani lakini kuna watu kijijini wanakosa insulini na sisi tunajadili paka??

---

Kutoka: Nyar Kisumo, Mamboleo

Omera, mama yangu mzazi aliniuliza hivyo hivyo siku ya kwanza, tena kwa Kijaluo, ilikuwa kali zaidi. Jibu langu ni kwamba sigusi ile ya bei nafuu ya hospitali za serikali, hiyo ni ya watu. Dawa nilikuja nayo, na sindano nanunua kemisti ya kibinafsi kwa pesa yangu. Nimemaliza hapo.

Nesi, ero kamano, asante sana. Daktari amekuja, hakuna kitu kibaya kwa mkojo zaidi ya sukari yenyewe, tumekubaliana mpaka 5 na sindano ya mililita 0.3 ambayo nimepata kemisti moja nyuma ya stendi, walikuwa na pakiti mbili zimejaa vumbi, nimebeba zote. Nikivuta sasa naona mstari wazi bila kukunja uso. Anakula kwanza, halafu nashika ngozi ya ubavuni kama hema, nachoma, hata hainui kichwa kutoka kwa bakuli. Zilizotumika naziweka kwa galoni ngumu ya mafuta ya kupika.

Tumegundua na kitu kingine. Mama alikuwa anampikia ugali na omena kila nikienda mjini, eti paka wa Kisumu halishwi vitu vya mkebe. Omena sawa kabisa, tatizo ni ugali, wanga ule unapandisha sukari. Sasa Chifu anapewa omena tupu na mama analalamika kwamba nimemnyima mgeni chakula.

Swali la stima: wiki jana ilipotea tangu asubuhi hadi usiku na hili joto la ziwa mnalijua. Mama ameniambia nifunge kichupa ndani ya mfuko wa plastiki nikiweke kwa mtungi wa maji ya kunywa, uko baridi kuliko friji iliyozima. Nimefanya hivyo.

Na sasa ombi. Vetsulin yangu inaisha kabla ya Krismasi na daktari anataka tumvushe Chifu kwa dawa nyingine polepole badala ya kumbadilishia ghafla. Kuna mtu anakuja Disemba? Vichupa viwili na boksi ya kifuniko chekundu, barua ya daktari nitatuma. Tafadhali isiende kwa mzigo wa chini wa ndege, huko inaweza kuganda na ikishaganda ni ya kutupa. Ibebwe kwa mkono.

---

Kutoka: Nesi wa Dallas

Nakuja tarehe 19, nitapitia Nairobi halafu Kisumu. Tuma barua wiki hii. Na mwambie mama mimi nitakula huo ugali.